Phil Everly na sauti ya juu isiyo kivuli

Phil Everly, mwimbaji Mmarekani wa The Everly Brothers pamoja na kaka yake Don, alifariki Burbank, California, tarehe 3 Januari 2014, zikiwa zimebaki siku 16 atimize miaka 75. Mapafu ndiyo yaliyomwondoa: ugonjwa sugu wa njia za hewa, ambao familia yake iliuhusisha na miaka mingi ya sigara. Kwa mtu aliyekula kwa pumzi zake, ni kifo chenye ukatili wake. Mashabiki wakatoa santuri kabatini, wakaweka "All I Have to Do Is Dream", wakaimba pamoja nayo. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Anayeuimba wimbo huo ndani ya gari au jikoni mara nyingi hajui kama ameshika sehemu ya Don au ya Phil. Anaruka kutoka moja kwenda nyingine katikati ya mstari, wala wimbo hauharibiki.

Taarifa nyingi za msiba zilimtaja kama nusu ya The Everly Brothers, mdogo wa Don, aliyeimba sauti ya pili. Yote kweli. Lakini hilo neno "sauti ya pili" linapotosha. Kwenye kwaya zetu tunajua hupewa nani: yule ambaye sauti ya kwanza imemshinda, akaambiwa ajaze. Anajaza. Anakaa kwenye nota mbili tatu wimbo mzima, na siku asipokuja mazoezini wenzake hugundua mwishoni. Ukimkumbuka Phil kwa kipimo hicho utakuwa umemzika mtu mwingine. Alichokuwa akiimba juu ya Don ni melodi kamili inayoweza kusimama yenyewe, na hoja hiyo inapimika kwa sikio na kwa hesabu.

Wenye solfa wataelewa haraka. Chukua ngazi ya kawaida: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Wa chini akiimba do-re-mi, wa juu anaimba mi-fa-so. Wanapanda pamoja na kushuka pamoja, kila mmoja kwenye njia yake, katikati yao pakiwa na mwanya wa tatu (unahesabu na ile nota unayoanzia: do moja, re mbili, mi tatu). Huo ndio msingi wa kazi ya ndugu hawa. Sasa linganisha na alto ya kawaida ya kwaya, ambayo wakati soprano inapanda do-re-mi-fa-so yenyewe inabaki so-so-so-la-so huko chini. Iimbe alto hiyo peke yake uone: ni mtu anabisha hodi. Iimbe sehemu ya Phil peke yake, na unapata wimbo ambao mgeni angeamini ndio uliotungwa.

Ila ngazi hiyo ina mashimo, na kila kundi linalojaribu kuwaiga ndugu hawa hutumbukia kwenye yale yale. La kwanza ni hili. Gitaa liko kwenye kodi ya kwanza (kodi ya gitaa, nota kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya TRA), yaani do-mi-so. Sauti ya chini ikatua kwenye so. Kanuni ya tatu inampeleka wa juu kwenye ti. Ti haimo ndani ya kodi hiyo, na iko nusu hatua tu kutoka do inayolia kwenye nyuzi, kwa hiyo zinakwaruzana. Wa juu inabidi aruke hadi do, mwanya wa nne. La pili liko kwenye kodi ya nne, fa-la-do: chini ni do, kanuni inasema mi, sikio linadai fa. Kwenye kodi ya tano mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu chini re na juu fa zinakubalika. Fa inaipa kodi hiyo hamu ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya mazoezi chukua karatasi ya mashairi, tia alama kila mahali sauti ya chini inapotua kwenye so au do, kisha andika kodi iliyo chini yake. Ukishaijua miruko hiyo, kazi nyingi ya kichwa imeisha. Inabaki ya koo.

Phil hakuwa na karatasi. Alifanya miruko hiyo kama mtu anayekwepa mashimo ya barabara anayoipita kila siku, na msikilizaji hasikii mruko wowote.

Kisha kuna "Cathy's Clown" ya 1960, santuri yao ya kwanza na Warner Bros., iliyokaa kileleni Marekani wiki tano na Uingereza wiki saba. Hapa Phil anaivunja kanuni yake mwenyewe. Kiitikio kinapoanza, Don anashuka ngazi hatua kwa hatua, naye Phil anabaki juu palepale, ameikaba nota moja. Mwanya kati yao unafunguka kadiri Don anavyoteremka, na ule mnyoosho ndio unaoufanya wimbo uume. Ukijaribu kumfanya wa juu ashuke sambamba na mwenzake kwa tatu, kama zilivyo nyimbo zao nyingine, utapata kitu kitamu kisicho na maumivu yoyote. Wimbo ni wa mwanamume aliyechoka kudharauliwa. Utamu mtupu haumfai.

Vijana wa Liverpool walisikiliza pale pale. Beti za "Please Please Me" ya The Beatles zimejengwa kwa mbinu hiyo hiyo: Paul McCartney anaishika nota ya juu huku John Lennon akiteremka. McCartney hakuwahi kulificha. Phil alipofariki alisema kwamba yeye na John walipoanza kutunga pamoja, yeye alikuwa Phil na John alikuwa Don. Jambo la kuliangalia hapo ni nafasi aliyoichagua kijana mwenye kipaji kama chake. Alichagua ya juu.

Kwa nini basi bendi za kuenzi hazifiki? Wanaimba nota sahihi, magitaa ni yale yale meusi ya Gibson, suti zimebana, nywele zimechanwa juu, na bado kuna kitu kinakosekana. Sababu ya kwanza ni vipimo. Gitaa na piano hutyuniwa kwa mgawanyo sawa, ambapo nusu hatua moja ni senti 100 (senti hapa ni kipimo cha mwanya kati ya nota), hivyo mwanya wa tatu mkubwa unakuwa senti 400. Lakini mwanya wa tatu ulio safi, ule ambao sauti mbili zinajifunga bila mtikisiko, ni takriban senti 386. Tofauti ni 14. Ni ndogo kwa maneno, kubwa kwa sikio. Wa chini akiimba A ya mizunguko 220 kwa sekunde, wa juu anatakiwa kuwa 275 ili tatu hiyo iwe safi. Akiifuata C♯ ya gitaa, anakwenda 277.2. Vivuli vya juu vya sauti hizo mbili (sauti nyembamba zinazolia juu ya kila nota) vinakutana karibu na 1,100 na kupigana karibu mara tisa kwa sekunde. Huo ndio ule ukungu unaosikika kwenye onyesho la kuenzi, ambao fundi mitambo anadhani ni spika.

Waimbaji waliokulia nyumba moja huirekebisha tofauti hiyo bila kuambiwa. Sikio la kila mmoja limefundishwa na koo la mwenzake tangu utotoni. Wawili waliokutana ukubwani wanaweza kuipata kwa njia moja tu ninayoijua kuwa inafanya kazi: gitaa linawekwa chini. Mmoja anashika do kwa sauti ya kawaida, mwingine anaingia mi kutokea chini taratibu, kama anayefungua bomba, mpaka mtetemeko uzimike. Mara ya kwanza inachukua muda. Wakiipata, washike sekunde kumi, wapumue, warudie kwa re na fa, kisha mi na so (hizi ni tatu ndogo, nazo husafika mahali pengine, karibu senti 16 juu ya gitaa). Robo saa ya namna hiyo kila siku kwa wiki mbili inafaa kuliko kupitia nyimbo ishirini.

Sababu ya pili ni vokali na konsonanti. Hapa waimbaji wa Kiswahili tuna kikwazo chetu wenyewe. Maneno yetu huishia vokali, na ulimi umezoea kutua kwenye vokali. Ukiimba neno "dream" bila kujichunga, mwishoni kinatoka kijisauti cha "u", drimu, na mwenzako ametoa kifupi zaidi au hakutoa kabisa. Kwenye wimbo unaolirudia neno hilo mara nne mfululizo, ni ajali nne. Dawa ni midomo: mnakubaliana mnafunga "m" kwenye pigo lipi, mnafunga pamoja, na sauti inaendelea puani hadi pigo linalofuata. "Love" nayo ina "v" ya mwisho ambayo mmoja huigeuza "f". Jirekodini kwa simu kisha msikilize miisho ya maneno peke yake. Nota mtazirekebisha baadaye.

Mtetemo wa koo nao ni adui. Koo mbili zikitetemeka kwa kasi tofauti, ule mwanya safi mlioutolea jasho unayeyuka. Ndugu Everly waliimba kwa sauti iliyonyooka, na mtetemo ukija unakuja mkiani mwa nota.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni la heshima isiyo mahali pake: wa juu anajipunguza. Kwa kuwa ameambiwa ni wa pili, anaimba kwa adabu, nyuma kidogo ya mwenzake. Sikiliza rekodi walizofanya na kampuni ya Cadence, 1957 hadi 1960, na utasikia sauti mbili zenye uzito sawa, bega kwa bega. Jukwaani na kwenye televisheni walikuwa wakikutana kwenye maiki moja, na maiki moja haina huruma: mizani inafanywa kwa miguu na shingo, wala fundi hawezi kukuokoa baadaye. Wanaotaka kujaribu waiweke maiki hiyo usawa wa kidevu, vinywa vyote viwe umbali ule ule, kama sentimita 25 hivi. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma upana wa kiganja. Na kama wa juu anakaza shingo, shusheni wimbo mzima nusu hatua au hatua kamili. "All I Have to Do Is Dream" iko kwenye ufunguo wa E. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kuiimba kwenye D. Msimwache akimbilie sauti ya kichwa, maana hapo rangi za sauti zinaachana na inabaki kwaya.

Yote hayo Phil aliyapata mapema mno. Baba yao, Ike Everly, alitoka Muhlenberg, kaunti ya makaa ya mawe Kentucky, akapiga gitaa kwa mtindo wa kidole gumba kinachotembeza bezi huku vidole vingine vikicheza melodi. Merle Travis, aliyeusambaza mtindo huo Marekani nzima, alichota kwake na kwa wenzake wa kaunti hiyo. Don alizaliwa huko, kwenye kijiji cha Brownie, 1937. Phil alizaliwa Chicago 1939, wakati baba anatafuta riziki ya muziki mjini. Katikati ya miaka ya 1940 familia ikahamia Shenandoah, Iowa, ikawa na kipindi cha redio kwenye kituo cha KMA, na watoto wakawa wanaimba moja kwa moja hewani kabla hawajamaliza shule ya msingi. Redio ya moja kwa moja hairudishi mkanda. Ukikosea nota, kaunti nzima imesikia, na kesho yake unakutana nao darasani.

Sehemu ya kipindi hicho cha familia, cha mwaka 1952, imewekwa mwanzoni mwa albamu yao "Roots" ya 1968. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "T for Texas" ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, na wasomaji wa Kericho wana haki ya kutabasamu hapa: huyo ndiye Rodgers ambaye santuri zake ziliwafikia Wakipsigis, wakamwimbia kwa jina la Chemirocha, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akawarekodi 1950. Chemchemi moja, mito miwili.

Nashville iliwakuta wako tayari. Rekodi yao ya kwanza na Columbia, 1956, ilikufa bila kelele. Mwaka uliofuata Archie Bleyer wa Cadence akawapa "Bye Bye Love", wimbo wa Felice na Boudleaux Bryant ambao wasanii wengi walikuwa wameukataa. Don akaubandikia mwanzo wa gitaa aliokuwa ameutunga kwa wimbo wake mwingine, kwa gitaa lililotyuniwa wazi ili ukilikwangua bila kubana uzi linatoa kodi nzima. Ukafika namba 2 kwenye chati ya pop na namba 1 ya country. Yaliyofuata yanajulikana: "Wake Up Little Susie", "Bird Dog", "Let It Be Me" yenye asili ya Kifaransa, na "All I Have to Do Is Dream" iliyoongoza chati za pop, country na R&B kwa pamoja mwaka 1958. Phil mwenyewe alitunga "When Will I Be Loved", ambayo Linda Ronstadt aliifikisha namba 2 mwaka 1975. Mtunzi huyo huyo ndiye anayeitwa "sauti ya pili".

Kuporomoka kwao hupenda kuhusishwa na ujio wa The Beatles. Tarehe zinakataa. Mwaka 1961 waligombana na meneja wao Wesley Rose, ambaye pia alikuwa mkuu wa kampuni ya uchapishaji iliyomiliki nyimbo za akina Bryant, na kwa ugomvi huo wakakatiwa chanzo cha nyimbo zao bora. Novemba ya mwaka huo wakaingia akiba ya Marine Corps, kikosi cha askari wa majini cha Marekani, miezi sita nje ya soko. Oktoba 1962, London, Don akazidiwa, akiwa kwenye matumizi ya dawa za kusisimua, akarudishwa Marekani. Ziara ya Uingereza ikabaki mikononi mwa Phil, na mpiga bezi wao, Joey Page, akachukua sehemu ya Don. Ziara hiyo haitajwi sana na mashabiki, nasi tunadhani ingestahili kutajwa zaidi kuliko suti na nywele. Kwa wiki kadhaa wimbo ulisimama juu ya yule anayedaiwa kuwa nyongeza.

Ugomvi wa ndugu umeandikwa sana na hauhitaji kurefushwa. Tarehe 14 Julai 1973, Knott's Berry Farm, California, Don akawa anakosea maneno jukwaani, Phil akalivunja gitaa lake na kuondoka. Kwa muongo mzima hawakuonana isipokuwa kwenye mazishi ya baba yao, 1975. Mashabiki waligawanyika, na hadi leo ukikaa nao muda wa kutosha utamjua nani wa Don na nani wa Phil. Ushabiki huo ulikuwa na faida moja isiyotarajiwa: uliwalazimisha watu kumsikia kila mmoja peke yake. Albamu ya Phil ya 1973, "Star Spangled Springer", ina "The Air That I Breathe", mwaka mmoja kabla The Hollies hawajaufanya wimbo wa dunia. Sikiliza jinsi anavyoubeba. Sauti ni nyepesi, imenyooka, na inaelekea juu kana kwamba mtu wa chini bado yupo. Hicho ndicho kilema cha rekodi zake za peke yake na ndicho uzuri wake. Don akiwa peke yake husikii upungufu, kwa kuwa sikio limezoea kumsikia kama msimuliaji. Vipande vya katikati vya nyimbo zao, ambako sauti inabaki moja, karibu vyote ni vyake. Phil akiwa peke yake unaisikia nafasi iliyo wazi chini yake.

Septemba 1983 wakarudi pamoja Royal Albert Hall, London. Mwaka uliofuata McCartney akawatungia "On the Wings of a Nightingale". Sauti zilikuwa zimeshuka na kunenepa kidogo, ila ule mwanya wa tatu ulikuwa safi vilevile, baada ya miaka kumi ya kutosemezana. Hilo linamaliza ubishi wa wanaodhani ulinganifu ule ulikuwa wa mapenzi. Ulikuwa wa misuli.

Mambo ya karatasi hayakuisha na kifo. Mwaka 1980 Phil alikuwa amesaini hati ya kumwachia Don haki na sifa ya utunzi wa "Cathy's Clown", wimbo ambao ulikuwa umesajiliwa kwa majina yao wote wawili. Baada ya 2014 warithi wa Phil walilipinga hilo, shauri likapanda na kushuka ngazi za mahakama, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikauacha usimame uamuzi uliompa Don ushindi. Wakati huo Don naye alikuwa ameshafariki, Nashville, 21 Agosti 2021, akiwa na miaka 84. Huenda kisheria ilikuwa sawa. Hata hivyo hakimiliki huuliza nani aliandika maneno na melodi, na fomu yake haina kisanduku cha mtu aliyekaba nota moja juu wakati melodi inamkimbia. Ukiiondoa nota ile, utamwimbia nani hicho kiitikio?

Sasa kwa wanaotaka kuandaa usiku wa kumbukumbu, au dakika kumi tu za kumbukumbu kwenye onyesho la kawaida. Msianze na nyimbo kubwa. Anzeni na "Songs Our Daddy Taught Us" ya 1958, albamu ya nyimbo za zamani walizofundishwa na baba yao, ambayo ina sauti mbili, magitaa na bezi, basi. Kwa mwanafunzi ndiyo shule, maana hakuna ngoma wala nyuzi za orkestra za kuficha kosa. Chagueni wimbo mmoja wa taratibu humo. Baada ya huo njooni kwenye "Bye Bye Love" kwa A, kwa kuwa kasi yake inasamehe. "All I Have to Do Is Dream" iwe ya tatu. "Cathy's Clown" iacheni hadi wa juu aweze kushika nota kwa mapigo manane bila kupanda wala kushuka huku mwenzake akihama. Wengi huvutwa chini na sauti inayoshuka, na ndiyo maana kiitikio chao huisha robo hatua chini ya gitaa.

Msitegemee programu za kompyuta zinazotenganisha sauti na ala ili mjifunze sehemu ya Phil. Zitawaondolea gitaa na ngoma vizuri tu, lakini sauti mbili zilizonaswa pamoja, zenye rangi moja na maneno yale yale kwa wakati ule ule, mara nyingi zitatoka zimeshikana kama zilivyoingia. Njia ni ya zamani: mstari mmoja, sikiliza mara tano, imba ya Don mara tano hadi iwe ya kwako, kisha usikilize tena ukiikataa kwa makusudi. Cha juu kitajitokeza. Kiandike kwa solfa hapo hapo kabla hakijakutoka.

Na kabla ya kupanda jukwaani fanyeni jaribio moja. Wa chini atoke nje. Wa juu aimbe beti moja na kiitikio, peke yake, bila gitaa, maneno ameyaondoa ameweka "la-la" tupu, mbele ya mtu wa makamo anayezijua nyimbo za redio lakini hajui mmeandaa nini. Akisema "si ndiyo ile ya Everly", sehemu imekaa. Akiuliza kama huo ni wimbo wa kanisani, rudini kwenye so na do.